Mpaka wa Parokia: Uhakiki wa Kitabu cha Gilbert White juu ya Selborne

Vitabu vya Kiingereza vilivyoandikwa juu ya mahali padogo ni vingi, lakini vilivyodumu kusomwa kama kitabu cha Gilbert White ni vichache. Jina lake kamili ni The Natural History and Antiquities of Selborne, yaani habari za viumbe na mambo ya kale ya Selborne. Kilitolewa London na Benjamin White, ndugu yake mwandishi, aliyekuwa mwuza vitabu, na ukurasa wake wa kwanza una mwaka 1789. Tangu hapo kimepigwa chapa mara zaidi ya mia mbili. Selborne yenyewe ni kijiji cha barabara moja katika pembe ya mashariki ya jimbo la Hampshire, kiasi cha maili 50 kusini-magharibi ya London, chenye kanisa, uwanja mdogo uitwao Plestor, na kilima cha chokaa kilichovikwa msitu ubavuni. Hakikuwa na bandari, wala soko kubwa, wala kiwanda. Kilikuwa na mtu mmoja aliyekitazama kwa zaidi ya miaka 40, akayaandika aliyoyaona.

Hukumu iliyozoeleka juu ya kitabu hiki ni ya sifa tupu. Husemwa kwamba ni kitabu cha utulivu, picha ya parokia ya Kiingereza iliyokaa kwa amani kabla ya viwanda na njia za reli kuja kuivuruga, na kwamba mwandishi wake ni mpole asiye na ugomvi na mtu. Hukumu hiyo si ya uongo, bali ni nusu ya kweli, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye faida zaidi kwa mhakiki. Nguvu yote ya White yatokana na mpaka aliojiwekea, na upungufu wake mkubwa watokana na mpaka huo huo. Ndani ya mpaka aliona mambo ambayo wataalamu wa miji mikuu hawakuyaona. Lakini jibu la swali lililomsumbua kuliko yote lilikuwa nje ya mpaka, naye hakuweza kulifikia. Na watu waliokaa ndani ya mpaka, karibu na mlango wake, aliwahesabu na kuwapima, lakini kwa nadra aliwasikiliza.

Kabla ya kwenda mbele yafaa kulitazama neno lenyewe, kwa maana mfasiri wa Kiswahili atakwazwa nalo tangu mwanzo. Neno parokia limezoeleka hasa kwa Wakatoliki. Waanglikana wametumia mtaa, na pengine parishi. Parokia yaleta picha ya kanisa, padre na waumini wake. Mtaa, kwa msomaji asiye Mwanglikana, waleta picha ya nyumba na majirani. Parokia ya Kiingereza ya zamani za White ilikuwa yote mawili na zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1601 ilipaswa kuwatunza maskini wake kwa kodi waliyotozwa wenye mali, na kwa sheria ya mwaka 1662 maskini aliyehamia mahali pengine aliweza kurudishwa katika parokia iliyohesabiwa kuwa yake. Kwa hiyo mpaka wa parokia haukuwa mpaka wa sala tu, bali pia ulikuwa mpaka wa haki ya mtu kupewa mkate. Neno parokia latumika hapa, lakini msomaji na alisome kwa maana hiyo pana.

White aeleza kwamba wale wanaouzunguka mpaka huo kwa desturi ya kuukagua hutumia sehemu ya siku tatu katika kazi hiyo, na kwamba kwa makisio yao urefu wake haupungui maili 30, kwa sababu parokia imetwaa sehemu kubwa ya msitu wa Wolmer. Nchi ilikuwa kubwa na watu wachache. Hesabu iliyofanywa Oktoba 1783 ilipata jamaa 136 na watu 676, na kati yao 313 ndio waliokaa katika barabara ya kijiji. Njia za kuingilia zilikuwa zimeliwa na magurudumu na maji hata mahali pengine zikawa futi 16 au 18 chini ya usawa wa mashamba. Mgeni hakupita hapo kwa bahati tu. Aliyefika Selborne alikuwa amekusudia kufika.

Mwandishi alizaliwa katika kijiji hicho mwaka 1720, akafa humo mwaka 1793. Babu yake, mwenye jina lile lile la Gilbert White, alikuwa ndiye kasisi mwenye parokia. Mjukuu hakuupata mwadhifa huo, wala asingeweza kuupata, kwa maana haki ya kumchagua kasisi wa Selborne ilikuwa mikononi mwa chuo cha Magdalen huko Oxford, naye alikuwa mtu wa chuo cha Oriel. Alihudumu Selborne kama kasisi msaidizi mara kadhaa, na mara ya mwisho tangu 1784 hadi kufa kwake. Na kwa miaka mingi alihudumu katika parokia jirani ya Farringdon. Wanaomsifu kwa kukaa kwake mahali pamoja aghalabu hawataji jambo la pili. Mwaka 1757 chuo chake kilimpa parokia ya Moreton Pinkney katika jimbo la Northamptonshire. Aliipokea, akaweka kasisi wa kumfanyia kazi, naye akabaki Selborne. Desturi hiyo ilikuwa ya kawaida katika Kanisa la Uingereza la karne ya 18 na haikuhesabiwa kuwa aibu. Hata hivyo yapasa ikumbukwe, kwa kuwa uaminifu wa White kwa parokia moja ulilipiwa kwa sehemu na parokia nyingine ambayo hakukaa.

Kitabu, katika sehemu yake ya kwanza, kimejengwa kwa barua 110: 44 kwa Thomas Pennant, mwenye mali wa Wales aliyeandika juu ya wanyama wa Uingereza, na 66 kwa Daines Barrington, hakimu. Nyingi zilipelekwa kweli, kisha zikatengenezwa kwa ajili ya chapa. Lakini tisa za kwanza, zinazoeleza udongo, misitu, maji na wakazi, hazikupelekwa kwa mtu. Ziliandikwa ili kitabu kipate mlango. Umbo la barua lilimfaa White sana. Barua humruhusu mwandishi kukiri shaka, kurudi nyuma na kusahihisha aliyoyasema mwezi uliopita, mambo ambayo risala ya kitaalamu huyafanya kwa shida. Lakini majibu ya Pennant na Barrington hayamo. Msomaji husikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na huzoea hata asitambue kwamba kuna upande mwingine. Tabia hiyo ya kitabu itaonekana tena katika habari za watu.

Juu ya ubora wa utazamaji wake hakuna haja ya kubishana. Tangu 1768 hadi mwezi aliokufa aliandika siku kwa siku hali ya hewa, maua yaliyofunguka na ndege waliofika, katika kitabu chenye safu zilizopigwa chapa ambacho Barrington alikitunga. Kwa njia hiyo alitambua kwamba ndege mmoja mdogo wa rangi ya kijani na manjano, aliyedhaniwa kuwa wa namna moja, kwa hakika ni wa namna tatu, akawatenganisha hasa kwa nyimbo zao. Alimfahamu panya mdogo wa mashamba ya nafaka ambaye wataalamu wa Kiingereza hawakuwa wamempa maelezo, akapima wawili katika mizani wakalingana na nusu peni moja ya shaba. Alimtetea nyungunyungu, kiumbe aliyedharauliwa na wakulima, akasema kwamba ardhi isingekuwa na rutuba pasipo yeye. Charles Darwin alikuja kutoa kitabu kizima juu ya kazi ya nyungunyungu mwaka 1881. Na katika barua ya mwaka 1778 aeleza kwamba teleka, ndege afananaye na mbayuwayu lakini mwenye mabawa marefu kama mundu, walikuwa Selborne jozi nane kila mwaka, kiasi cha nusu yao wakikaa kanisani. Kila jozi yalea watoto, na bado mwaka ujao ni jozi nane tu. Je, waliozidi wameenda wapi? Swali hilo laulizwa miaka 20 kabla ya Malthus kuchapa insha yake juu ya wingi wa watu, na laulizwa na mtu aliyekuwa na mnara mmoja wa kanisa wa kuutazama. Lisingeulizwa na msafiri, kwa maana msafiri hawezi kujua kwamba jozi za mwaka huu ni sawa na za mwaka jana.

Lakini swali la teleka lafungua swali kubwa zaidi, nalo ni la mbayuwayu. Ndege hawa hufika Uingereza mwezi wa Aprili na kutoweka wakati wa vuli. Katika karne ya 18 watu wenye elimu walikuwa bado wakishindana: wengine walisema kwamba huhama kwenda nchi za joto, wengine kwamba hulala usingizi wa baridi katika mashimo, au hata chini ya maji. Pennant alikuwa upande wa kuhama. Barrington alikuwa upande wa pili, naye alichapa insha ya kuupinga uhamaji. Kwa hiyo White alikuwa akiwaandikia watu wawili wenye imani zinazopingana juu ya ndege wale wale, na msomaji makini ataona kwamba shaka yake haikuwa ya ndege peke yake. Ilikuwa pia ya adabu kati ya marafiki. Nduguye John, aliyekuwa kasisi Gibraltar, alimletea habari za mbayuwayu wakivuka mlango wa bahari kuelekea Afrika. White alikubali kwamba wengi huenda. Lakini mwishoni mwa vuli, siku za jua, aliwaona wachache walipodhaniwa wameondoka wote, na hapo moyo wake ulirudi Selborne. Huenda, akafikiri, baadhi yao wamejificha papo hapo kilimani. Akatafuta vichakani akitumaini kuwapata wamelala. Hakupata hata mmoja.

Aliyeushika upande wa usingizi kwa nguvu zaidi alikuwa kobe. Timothy alikuwa kobe wa shangazi yake White huko Sussex, na mwaka 1780 alichimbuliwa, akasafirishwa maili 80 kwa gari la farasi hadi Selborne. Kila mwaka alijizika ardhini wakati wa baridi, akatoka katika Aprili, karibu na siku za kufika mbayuwayu. Si ajabu basi kwamba mtu aliyemtazama kiumbe huyu akizikwa na kufufuka bustanini mwake hakuweza kuiacha kabisa dhana kwamba ndege nao hufanya vivyo hivyo. Yafaa kuongeza kwamba kobe huyo alipochunguzwa baada ya kufa alionekana kuwa jike. Gamba lake limehifadhiwa London, katika jumba la makumbusho ya viumbe.

Jibu la swali la mbayuwayu lilipatikana mbali na mipaka yote ya Hampshire. Mwezi wa Mei 1911 mbayuwayu mmoja alifungwa pete mguuni katika jimbo la Staffordshire, na Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika ya Kusini. Teleka wa Uingereza nao, kwa vyombo vidogo walivyofungwa katika karne hii, wameonekana kukaa bonde la Kongo na kwendelea hata Msumbiji. Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki, ambaye katika miezi ya kaskazi huwaona mbayuwayu kutoka Ulaya na Asia wamejipanga juu ya nyaya za simu, fumbo lililomchosha White ni jambo la kila mwaka. Lakini yapasa ajihadhari asijione mwerevu kuliko mtazamaji wa Selborne. Aliye Natal hakujua ndege hutoka wapi, kama aliye Selborne asivyojua huenda wapi. Kila upande ulishika nusu ya habari, na hakuna utazamaji wa mahali pamoja, hata uwe wa subira namna gani, ungaliweza kuziunga nusu hizo mbili.

Jambo hilo latokea tena katika barua inayoeleza kiangazi cha mwaka 1783. Tangu tarehe 23 Juni hadi 20 Julai ukungu mkavu wa ajabu ulitanda. Jua la mchana lilikuwa limefifia kama mwezi nyuma ya wingu, na mwanga wake juu ya ardhi ulikuwa wa rangi ya kutu. Joto lilikuwa kali hata nyama ya mchinjaji haikuweza kuliwa siku ya pili. Leo yajulikana kwamba ukungu huo ulitoka katika milipuko ya Laki, huko Iceland, iliyoanza tarehe 8 Juni mwaka huo. White hakuwa na habari hiyo. Alitaja matetemeko ya Calabria na Sicily na volkeno iliyozuka baharini karibu na Norway, akaacha mambo hapo. Lakini barua hii ina kitu ambacho nyingi nyingine hazina. Aeleza kwamba watu wa shamba waliliogopa lile jua jekundu, kisha akiri kwamba hata mtu mwenye elimu alikuwa na sababu ya kuingiwa na hofu. Hapo, kwa mara moja, mwandishi asimama pamoja na majirani zake chini ya mbingu moja, bila kuwatazama kutoka juu.

Uhakiki wa habari za watu wahitaji kuanza na barua tatu zinazofuatana, ya 26, ya 27 na ya 28 kwa Barrington, zilizoandikwa kati ya Novemba 1775 na Januari 1776. Wapenzi wa ndege huzipita haraka. Ndizo barua zinazompima White kuliko zote.

Ya kwanza yaeleza taa za maskini. Katika kinamasi huota majani marefu ya mviringo yenye kiini laini ndani. Wazee, wanawake na watoto huyakata wakati wa kiangazi, huyaroweka, kisha huyamenya, wakibakiza utepe mwembamba wa ganda ili kiini kisivunjike. White alimwona mwanamke mzee, kipofu kabisa, akiifanya kazi hiyo upesi na pasipo kukosea. Majani huanikwa usiku katika umande, hukaushwa juani, kisha huchovywa katika mafuta ya moto. Mke mwangalifu wa kibarua, asema White, huyapata mafuta bure kwa kuengua chungu alichopikia nyama ya nguruwe. Ndipo aingia katika hesabu. Ratili moja ya majani makavu ina majani 1,600. Yahitaji ratili 6 za mafuta. Gharama yote ni shilingi 3. Jani moja la urefu wa futi 2 na inchi 4 na nusu liliwaka saa moja kasoro dakika tatu. Kwa kukadiria nusu saa kwa kila jani, shilingi 3 hununua saa 800 za mwanga, yaani saa tano na nusu kwa farthing moja, sarafu iliyokuwa robo ya peni.

Kufikia hapo hakuna mwandishi wa karne yake aliyeingia jikoni mwa kibarua kwa heshima kubwa zaidi ya hii. Kila kitu kimepimwa, na kipimo chenyewe ni cha heshima, kwa maana chaonyesha akili iliyomo katika kazi inayodharauliwa. Lakini mwishoni White ageuka. Maskini hohehahe, asema, hawajui kutumia mali, na ndiyo maana hubaki maskini; kila jioni hununua mshumaa wa nusu peni ambao, katika vyumba vyao vinavyopitwa na upepo, hauwaki zaidi ya saa mbili hivi. Kwa nusu peni hiyo hiyo wangalipata saa 11.

Hesabu ni sahihi. Hukumu si sahihi, na ushahidi wa kuipinga umo katika barua yenyewe. Kwanza, shilingi 3 ni peni 36, yaani bei ya mishumaa 72 kwa mkupuo. Aliye na nusu peni jioni hii hana shilingi 3. Pili, mafuta ya bure yako kwa mwenye nguruwe chunguni. Asiyepika nyama hana cha kuengua. Tatu, White mwenyewe ataja upepo unaopita vyumbani. Katika barua ya tano, ile iliyoandikwa ili iwe mlango wa kitabu, amesema kwamba maskini wa Selborne ni wengi, na kwamba wengi wao, walio na kiasi na bidii, hukaa vizuri katika nyumba za mawe au matofali zenye vioo madirishani. Vyumba vya upepo vya barua ya 26 ni vya wale wengine, ambao barua ya tano haikuwapa nyumba. Mwandishi aliyeupima mwanga wa jani moja kwa dakika hakuona kwamba alikuwa amepima pia bei ya umaskini: asiye na akiba hulipa zaidi ya mara tano kwa kitu kile kile. Ushahidi ulikuwa mkononi mwake, akaufunga kwa methali ya matajiri. Kama angalimwuliza mnunuzi mmoja wa mshumaa sababu yake, barua hiyo ingalikuwa kati ya kurasa kuu za karne.

Barua ya 27 ni ya kijana wa nyuki. Zaidi ya miaka 20 kabla ya kuandikwa kwake, kulikuwa na kijana kijijini mwenye upungufu wa akili ambaye tangu utoto hakujali kitu isipokuwa nyuki. Wakati wa baridi alisinzia kando ya moto nyumbani kwa baba yake. Wakati wa jua alitoka kuwinda mashambani na penye kingo za jua. Aliwashika nyuki kwa mikono mitupu, akawang'oa miiba, akafyonza asali yao. Pengine aliwatia kifuani, kati ya shati na ngozi. Aliingia bustani za wenye mizinga, akaipindua, na alipokimbia alitoa kwa midomo sauti kama ya nyuki. Alikuwa mwembamba na rangi yake ya maiti. Alipokuwa kijana mrefu alipelekwa kijiji cha mbali, akafa huko kabla ya kuwa mtu mzima.

Msomaji aliyezoea barua za ndege atautambua mpango huu mara moja: chakula, makao, tabia ya majira ya baridi, tabia ya majira ya joto, sauti, kutoweka. Kijana ameandikwa kama mbayuwayu. Hana jina, wala hajulikani aliyempeleka mbali, wala sababu, wala kama mamaye alilia. Katika barua ya pili kwa Pennant, White aeleza jinsi kunguru jike alivyokataa kuliacha kiota chake mwaloni ulipokuwa ukikatwa, hata akaanguka nao akafa, naye amsikitikia kwa maneno ya wazi kwa sababu ya upendo wake wa mzazi. Wazazi wa kijana wa nyuki hawakupata sentensi kama hiyo. Na hata hivyo si haki kusema kwamba White ni mkatili. Pasipo yeye kijana huyo angalipotea kabisa, na hakuna neno la dhihaka katika ukurasa wote. Njia iliyokuwa utukufu wake kwa ndege, yaani kutazama kwa makini pasipo kuuliza, ndiyo iliyompungukia kwa mtu, kwa kuwa ndege hawezi kujibu, lakini jamaa ya kijana ingaliweza.

Barua ya 28 ni ya ushirikina, na humo sauti za watu zakaribia kusikika. White aeleza jinsi mti mchanga ulivyopasuliwa na mtoto mwenye ngiri kupitishwa uchi katikati ya ufa, kisha mti ukakandikwa udongo na kufungwa. Ukipona mti, mtoto naye hupona. Aeleza pia mti mzee uliokuwa Plestor, karibu na kanisa. Uliaminiwa kuwa dawa ya ng'ombe waliopooza kwa kukanyagwa na kirukanjia, kwa sababu kirukanjia hai alikuwa amezibwa ndani yake katika tundu lililotobolewa. Kasisi mwenye parokia wa wakati huo aliung'oa na kuuchoma, na waliosimama karibu wakamsihi auache, wakimtajia nguvu zake, lakini hawakusikilizwa. White hakubaliani na imani hiyo, lakini asimulia ombi lao, na asema kwamba mambo yaliyonyonywa pamoja na maziwa ya mama ni magumu kuachwa. Katika ugomvi huo mdogo juu ya mti mmoja laonekana jambo ambalo sifa za utulivu hulificha: parokia ilikuwa na wenye amri na wasio na amri, na matakwa yao hayakuwa mamoja.

Yaliyofuata yathibitisha hivyo. Novemba 1830, miaka 37 baada ya kufa White, wakati vibarua wa kusini mwa Uingereza walipoinuka kudai ujira, umati wa Selborne ulimwendea kasisi wa parokia ukamshurutisha apunguze zaka yake, kisha ukaibomoa nyumba ya maskini. Siku ya pili waliiendea nyumba kama hiyo huko Headley. Baadhi yao walihukumiwa kupelekwa Australia. Si haki kumdai mwandishi ayatabiri mambo yatakayotokea baada ya kifo chake. Lakini mbegu zake zimo kitabuni: wanawake waliokuwa wakipata riziki ya miezi ya baridi kwa kusokota sufu, kazi ambayo White aitaja kama jambo lililokwisha; wakazi walioongezeka kutoka kiasi cha 500 zamani za babu yake hata 676; na mgonjwa wa ngozi aliyetunzwa hadi kufa, ambaye kitabu chamtaja kuwa mzigo kwa parokia yake. White aliziandika dalili zote hizo. Hakuziunganisha, kama alivyoshindwa kumwunganisha mbayuwayu wa vuli na bahari.

Sehemu ya pili ya kitabu, ile ya mambo ya kale, yastahili neno fupi. Wachapishaji wengi huikata, kwa madai kwamba ni kavu. Ni habari za nyumba ya watawa ya Selborne, iliyoanzishwa na askofu Peter des Roches mapema katika karne ya 13 na kufungwa katika karne ya 15, mali zake zikaenda kwa chuo cha Magdalen. Humo White achapa karipio la askofu William wa Wykeham la mwaka 1387, lenye orodha ndefu ya makosa ya watawa. Kuikata sehemu hii ni kosa la uhariri. Ndiyo ieleze kwa nini chuo cha Magdalen kilikuwa na haki juu ya parokia, na kwa hiyo kwa nini White hakuwa kasisi wake. Pia yaonyesha kwamba mwandishi aliweza kuwasikia watu wenye makosa na ubishi, mradi wawe wamekufa miaka 400 iliyopita na maneno yao yawe kwa Kilatini.

Hukumu ya mwisho basi ni hii. Kitabu cha Selborne chabaki kuwa somo kubwa la jinsi ya kutazama mahali padogo, na anayetaka kuandika juu ya kijiji chochote hana budi kukisoma: kutaja tarehe, kupima, kurudia, kukiri kutojua. Lakini kukiiga chote ni kuiga pia ukimya wake. Atakayekifasiri kwa Kiswahili asichague barua za ndege peke yake, ingawa ndizo tamu na ingawa mbayuwayu atajulikana mara moja kwa wasomaji wake. Na azitie barua ya 26, ya 27 na ya 28 bila kupunguza neno, na barua ya tano kando yake ili zisomwe pamoja. Hapo msomaji atamwona White mzima: mtu aliyeijua idadi ya teleka wa kanisa lake kwa jozi, na ambaye hakubisha hodi katika chumba kile cha upepo kuuliza kwa nini mshumaa ulinunuliwa.